CHOMBO HUJARIBIWA KABLA YA KUPAKIWA

Watu wa Itungi, katika Wilaya ya Kyela, hawana haja ya kufundishwa maana ya jaribio. Ufukweni kwao, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mafundi wa Kitanzania waliunga mabamba ya chuma hata yakawa meli. Mwaka 2017 zilipatikana MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000 za shehena. Baadaye ikafuata MV Mbeya II ya abiria. Lakini hakuna nahodha mwenye akili apakiaye shehena siku ile ile meli inaposhushwa majini. Kwanza injini huwashwa, usukani hupinduliwa kulia na kushoto, uzito hupimwa, na mtu huteremka chini kutazama kama maji yanapenya. Ziwa ambalo kina chake chapita mita 700 halisamehe makosa ya haraka.

Twasema haya kwa sababu siku hizi maofisi yetu, mashirika yetu ya umma na vyama vyetu vya ushirika vinaletewa mitambo ya kompyuta kila mwaka. Wauzaji huja na maneno matamu na picha za kupendeza, na kiongozi asiyependa kuonekana wa zamani huharakisha kutia sahihi. Swali letu ni moja tu: mtambo huo umejaribiwa wapi, na nani, na kwa kazi ya nani?

Taifa letu limekwisha kulipa ada ya somo hili. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, nchi ikiwa bado changa. Kazi nzito ya hesabu za Serikali ilikabidhiwa mashine ambayo wenyeji wachache mno waliifahamu, na walioielewa walikuwa zaidi wageni. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu yake, wala hatuwadharau walioitoa. Lakini tuseme kweli: kosa halikuwa la chuma. Kosa lilikuwa kupakia shehena yote ya Taifa katika chombo ambacho hatukukijaribu sisi wenyewe, na ambacho hatukuwa na manahodha wake. Kwa sababu hiyo vijana wetu walikosa kwa miaka mingi elimu ambayo wenzao wa nchi nyingine waliendelea kuipata.

Sasa na tutazame mfano wa watu waliofanya kinyume cha hayo.

Kompyuta kuu ni zile mashine kubwa ambazo mabenki, makampuni ya bima na serikali za nchi tajiri huzitumia kuweka hesabu za mamilioni ya watu. Ukoo wake ulio mashuhuri ulitangazwa na kampuni ya IBM ya Marekani tarehe 7 Aprili 1964, mwezi ule ule ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Kwa muda mrefu mwenye mashine hiyo alikuwa kama mpangaji: chuma ni cha muuzaji, programu ni za muuzaji, na fundi ni wa muuzaji. Linux ilizaliwa mahali pengine kabisa. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziongoza programu nyingine, na siri zake hazikufungiwa kabatini. Kila mtu aruhusiwa kuusoma, kuunakili na kuurekebisha.

Ilionekana kama kichekesho kuutia mfumo wa mwanafunzi katika mashine ya mabenki. Hata hivyo wahandisi wa IBM huko Böblingen, Ujerumani, waliifanya kazi hiyo, na Desemba 1999 matunda yake yakatolewa hadharani. Mwaka 2000 mtaalamu David Boyes akaonyesha jambo la ajabu: kompyuta kuu moja ilijigawa ndani kwa ndani na kuendesha nakala 41,400 za Linux kwa wakati mmoja, kila nakala ikijiona kuwa ndiyo mashine kamili. Hilo lilikuwa jaribio la kupima mwisho wa nguvu tu. Lakini katika mwaka huo huo kampuni ya simu ya Telia ya Sweden ikachukua kompyuta kuu moja yenye Linux ifanye kazi ya seva 70.

Yafaa mfanyakazi wetu atambue siri ya kufaulu huko. Kompyuta kuu yaweza kugawanywa vyumba. Katika chumba kimoja mishahara inaendelea kulipwa kama jana. Katika chumba cha pembeni fundi anaijaribu Linux. Akikosea, kosa lake hubaki chumbani humo, na hakuna mfanyakazi atakayekosa mshahara wake mwisho wa mwezi. Kwa hiyo jaribio halikumtaka mtu yeyote avunje nyumba ya zamani kabla ya kujua kama mpya itasimama.

Basi, jaribio lililofaulu ni lipi? Wako wanaodhani ni lile ambalo mashine imewaka, wageni wakapiga makofi, na picha ikatoka gazetini. Sivyo. Jaribio la kweli lina masharti yake.

Kwanza, lifanywe kwa kazi yetu. Mkulima wa kakao wa Kyela hupeleka mazao yake kwenye chama chake, yakapimwa, yakaingia ghalani, naye akapewa stakabadhi na kungoja malipo ya mnada. Chama kinacholetewa mtambo wa hesabu kichukue daftari za msimu uliopita, ambazo majibu yake yanajulikana hata senti ya mwisho, kiziingize humo na kuona kama majibu yatalingana. Hesabu za mfano alizozileta muuzaji mfukoni hazithibitishi kitu.

Pili, kipimo kiandikwe kabla ya kuanza: ni muda gani, ni gharama gani, ni makosa mangapi tutakayoyavumilia. Anayechora mstari baada ya mbio kwisha hupenda kuuchora pale aliposimama mwenyewe.

Tatu, mikono iwe yetu. Vijana wetu waufunge mtambo, wauzime kwa makusudi, kisha wauamshe bila ya kumpigia mtu simu ng'ambo. Wasipoweza, jaribio halijafaulu, hata kama mashine inakwenda kasi namna gani. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Nne, daftari za zamani zisitupwe mpaka mapya na ya kale yawe yamelingana kwa msimu mzima. Na matokeo, mazuri kwa mabaya, wasomewe wanachama mkutanoni. Kushindwa katika chumba cha pembeni si aibu, ni elimu iliyopatikana kwa bei rahisi.

Wako watakaosema kwamba tunachelewesha maendeleo. Twawajibu kwamba hakuna ucheleweshaji mkubwa kama ule wa mwaka 1974. Wako pia watakaosema kwamba Linux ni ya bure, hivyo hakuna cha kupoteza. Nao wanakosea. Hainunuliwi, lakini mafunzo yake, ulinzi wake na mishahara ya mafundi wake vina gharama. Uhuru wa programu ni kama uhuru wa nchi: unamwondoa bwana, hauiondoi kazi. Tofauti ni kwamba fedha ambayo ingekwenda ng'ambo kuwa ada ya mwenye programu yaweza kubaki hapa ikamsomesha kijana wa Kyela.

Wala asitokee mtu wa kutuambia kwamba mambo haya hayatufai. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wenzao wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hiyo ilikuwa ishara kwamba kitu kilicho wazi chaweza kufanywa chetu, mradi tuwe tayari kukifungua na kukisoma.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, mkutano wa chama cha ushirika ni wenu, na mtambo ununuliwao kwa makato ya kakao yenu ni wenu pia. Mkiletewa mkataba, msione haya kusimama na kuomba daftari la jaribio. Asiyekuwa nalo arudi akalifanye. Na mkiambiwa kwamba mambo haya ni ya wataalamu peke yao, wakumbusheni wasemao hivyo kwamba meli ikizama haichagui mtaalamu na abiria.