Kalamu ya Mchoraji na Haki ya Msemaji

Umeenea mtindo wa kumweka mchoraji kando ya jukwaa la mkutano. Wasemaji wakisema, yeye huchora papo kwa papo katika karatasi kubwa: sura, mishale na maneno machache. Kazi hii ilistawi California katika miaka ya 1970, na David Sibbet ni mmoja wa waanzilishi wake. Manufaa yake hayakanushiki. Jicho hulisaidia sikio. Aliyechelewa huudaka uzi wa mazungumzo, na aliyesahau hukumbushwa.

Lakini wapo wanaoisifu kupita kiasi. Wanadai kuwa picha ni lugha ya watu wote. Kwa hiyo mchoraji asiyejua lugha ya mkutano apewe mkalimani, yatosha. Dai hili halifai kukubaliwa. Mwaka 1960 W. Hudson alichapisha utafiti alioufanya Afrika Kusini kwa picha za mwindaji, paa na tembo. Tembo alichorwa mdogo ili aonekane yuko mbali; baadhi ya watazamaji walimwona yu karibu, ndiye aliyelengwa mkuki. Hitimisho za Hudson zimebishaniwa sana tangu hapo, ila jambo moja limesimama: picha nayo husomwa, na kusoma hufunzwa.

Kiswahili kinatoa ushahidi mwingine. Msemaji akisema kuwa wakulima wamevunjika moyo, mchoraji mgeni huenda akachora moyo uliopasuka, na watazamaji wakadhani ni habari ya mapenzi. Akisema kuwa binti amevunja ungo, utachorwa ungo vipande vipande, na mjadala wa afya ya wasichana utageuka kuwa habari ya vyombo vya jikoni. Mkalimani hodari huweza kuokoa neno moja au mawili. Hawezi kumpa mwenziwe sikio la lugha kwa muda wa asubuhi moja.

Hasara hii si ya kuchekesha tu. Maneno hupita, mchoro hubaki. Hupigwa picha, hutiwa katika taarifa, husomwa na watu wasiokuwapo. Lisilochorwa huwa kama halikusemwa. Bibi kizee aliyetoa hoja yake kwa methali huachwa pembeni, na ofisa aliyesema kwa tarakimu hupewa nafasi ya katikati. Hivyo mchoraji, kwa haraka ya mkono wake, huwa hakimu asiyeteuliwa na mtu.

Dawa yake ni nyepesi. Mchoraji awe mjuzi wa lugha ya mkutano, na maneno ya mchoro yaandikwe kwa lugha hiyo hiyo. Kabla watu hawajatawanyika, mchoro usomwe mbele ya wote, na kila msemaji awe na ruhusa ya kusema: hapa sikueleweka. Pasipo hayo, karatasi ile ni pambo la ukuta. Mkutano unaomnyima msemaji haki ya kusahihisha sura ya neno lake umekwisha kumpokonya neno lenyewe.