Kitambo Si Mwaka

Muulize anayekuuzia jezi ya retro ya Harambee Stars ni ya mwaka gani. Mara nyingi jibu ni, "Hii ni ya kitambo, bro." Kitambo lini? Nani aliivaa? Walicheza na nani? Hapo maneno yanaisha, inabaki bei.

Sina ugomvi na hizo jezi. Zinapendeza, na ni afadhali Mkenya avae Stars wikendi kuliko kulilia klabu ya London kila Jumamosi. Shida yangu ni kwamba tunauza urithi ambao hatujautunza. Kule Pwani, mama anayechagua leso haangalii rangi peke yake. Anasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, kwa sababu leso bila jina ni kitambaa tu. Jezi nayo ni hivyo hivyo.

Najua utaniuliza: urithi gani, na timu haijawahi kufika Kombe la Dunia? Haya, tuhesabu. Mwaka 1926, miaka 4 kabla ya Kombe la Dunia la kwanza, Kenya na Uganda tayari zilikuwa zinagombania Kombe la Gossage. Mwaka 1972 tulienda Afcon mara ya kwanza, kule Cameroon, nahodha akiwa Jonathan Niva. Mwaka 1981, 1982 na 1983 tukabeba Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo chini ya kocha Marshall Mulwa, enzi za kipa Mahmoud Abbas, ambaye watu walimbatiza Kenya One. Mwaka 1987 tukafika fainali ya Michezo ya Afrika pale Kasarani, uwanja ukiwa bado mpya, Misri ikatufunga 1-0. Mwaka 2004 huko Tunisia tukaichapa Burkina Faso 3-0, mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Huo ndio ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa Afcon, miaka 32 baada ya safari ya Cameroon.

Kila moja ya hizo jezi ina stori yake. Ukiziita zote "za kitambo," umezipika kwenye sufuria moja.

Nigeria ilipotoa jezi yake ya Kombe la Dunia la 2018, watu walipiga foleni kuinunua. Mtu wa Lagos hakuhitaji kuelezwa. Ilimkumbusha ile ya 1994, mwaka ambao Super Eagles walibeba Afcon, wakacheza Kombe la Dunia mara ya kwanza, na Rashidi Yekini akafunga bao kisha akazing'ang'ania nyavu huku akilia. Picha ilikuwepo, video ilikuwepo, majina yalikuwa midomoni mwa watu. Kumbukumbu ilitangulia, nguo ikafuata. Sisi tumeanza na nguo.

Hapa kwetu kila mtu anajua "Kadenge na mpira," kwa sababu Leonard Mambo Mbotela aliitangaza redioni mpaka ikawa msemo. Lakini msee wa miaka 22 akitaka kumwona Joe Kadenge akiwa na huo mpira, aende wapi? Hebu tafuta video yake uone utapata dakika ngapi. Kadenge alituaga Julai 2019. Mbotela naye akaondoka Februari 2025. Walioona kwa macho wanapungua, na hatujakaa nao chini na kinasa sauti.

Halafu kuna suala la doh. Jezi ya 1987 ikiuzwa leo, nani anakula? Aliyeichora, aliyeishona, aliyeipiga picha, hata mtu wa bodaboda aliyeileta mlangoni. Wote ni halali yao. Na yule mzee aliyeitia jasho Kasarani? Yeye ndiye aliyeipa thamani. Bila yeye, hiyo ni tisheti yenye kola.

Mtu atasema niwaache vijana wajitafutie, kazi ni ngumu kupata. Sawa kabisa. Simfungii mtu duka. Tena kijana anayekaa usiku akikuza picha ya gazeti la zamani ili aone mshono wa shingo amefanya kazi ambayo shirikisho lilipaswa kuwa limefanya zamani. Shirikisho lenyewe limekuwa KFF, likawa FKL, likawa FKF, na mwaka 2022 FIFA ikaifungia Kenya nje. Katika hama-hama hiyo yote, nani alibeba masanduku ya picha? Kwa hivyo lawama kubwa ni ya wakubwa. Lakini kijana wa jezi asijifiche nyuma yao. Akiuza historia, aijue.

Ninachotaka si kikubwa. Jezi ya retro iandikwe mwaka, mechi na majina ya waliocheza, hata kama ni kwa ndani pale kwenye lebo. Kila jezi inayouzwa itoe mgao, hata wa shilingi mia, kwa wachezaji walioivaa au familia zao. Na shirikisho lifungue hifadhi: picha, filamu, jezi zenyewe, sauti za wazee ambao bado wako nasi. Afcon ya 2027 inakuja hapa, Tanzania na Uganda. Tuliwahi kupewa ile ya 1996, ikatuponyoka ikaenda Afrika Kusini. Safari hii wageni watakuja, na watataka kununua Kenya ya zamani waende nayo kwao. Watauliza ni ya mwaka gani.

Na wewe mnunuzi, kabla ya kutuma M-Pesa, uliza. Ukijibiwa "ya kitambo," mwambie muuzaji akatafute jibu, utarudi. Akikosa wateja watatu wa namna hiyo, wa nne atampata na majina yote kumi na moja kichwani.