Sabato ya Nyanchwa, Bembea za Dubai

Safari za kuwazuru jamaa wafanyao kazi Dubai zimezoeleka, Pwani na bara, na mgeni hupelekwa kwenye bustani za bembea na michezo. Mpwani aweza kudhani kuwa mgeni atokaye Nyanchwa, Kisii, atapata taabu katika nchi ya Kiislamu. Sivyo. Nyanchwa ni kitovu cha kale cha Waadventista Wasabato. Nguruwe hawamli wala pombe hawanywi.

Tatizo ni siku. Tangu Januari 1, 2022, mapumziko ya serikali huko ni nusu ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi mwenyeji ana nafasi, na tiketi amekwisha nunua. Mgeni naye yumo katika Sabato, tangu jua lichwe Ijumaa hadi lichwe Jumamosi. Mmoja huona amedharauliwa, mwingine huona imani yake imepuuzwa.

Dawa ni kuulizana mapema. Global Village, katika msimu wake wa baridi, huwa wazi hadi usiku. Magharibi ikishasaliwa, Sabato nayo imekwisha, waingie pamoja. Atakaye kusubiriwa Ijumaa amalize sala, naye asubiri Jumamosi.