Ibiza Inabamba Vibaya, Lakini Anayekumwagia Kinywaji Analala Kwa Gari

Wasee, leo tubonge kuhusu kisiwa ambacho umekiona kwa simu mara mia na hujawahi kukikanyaga. Ibiza ni kisiwa kidogo cha Uhispania, wenyeji laki moja na nusu hivi. Ukijumlisha na jirani yake Formentera, kila mwaka wanatua wageni zaidi ya milioni 3, na wengi wamefuata kitu moja tu: sherehe.

Na sherehe iko, hakuna anayepinga. Pacha ilifunguliwa 1973, labda wazazi wako hawakuwa wamekutana. Ushuaïa, ile ya wazi yenye David Guetta hupiga jua likiwa bado linawaka, ilianza 2011. Hï ikaja 2017 pale pale palipokuwa na Space, na Jumamosi zake Black Coffee wa Afrika Kusini amezishikilia miaka mingi. Kwa hivyo ukiskia Afro house ikigonga pale, jua ni yetu pia.

Sasa shika mfuko. Viza peke yake ni euro 90, kama thao kumi na tatu, na hiyo harudishiwi mtu akinyimwa. Tiketi ya klabu kubwa ya euro 60 si ajabu, hiyo ni karibu thao tisa za kuingia tu. Ukiwa ndani, chupa ya maji inaweza kukutoa euro 10. Maji, si mzinga.

Swali ni hili: hizo doo zote zinaenda wapi? Haziendi kwa yule msee anayekumwagia kinywaji.

Iko hivi. Msimu ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi Oktoba. Klabu na hoteli zinahitaji wafanyakazi maelfu kwa hiyo miezi, na wengi wanatoka Uhispania bara, Amerika ya Kusini na Afrika Kaskazini. Wakifika, wanapata keja zimeshapewa watalii kwa bei ya usiku mmoja mmoja. Mwenye nyumba anapiga hesabu: mbona nimpe mhudumu kwa mwezi na mgeni atalipa hiyo pesa kwa siku chache? Ndio maana unapata watu wenye kazi, wenye payslip kabisa, wanalala kwa magari na mahema. Na si wao peke yao. Manesi, makarao na walimu wanahangaika vile vile, na kuna walimu walioripotiwa kuishi kisiwa cha Mallorca na kupanda ndege kwenda kufunza Ibiza. Fikiria mwalimu anaona nauli ya ndege ni afadhali kuliko kodi ya keja!

Serikali haijanyamaza. Januari 2020 ilipitisha sheria kali kwa mitaa ya ulevi, ikiwemo West End ya San Antonio pale Ibiza. Hakuna tena ofa za nunua moja upate mbili, hakuna kuzungushwa baa hadi baa kwa kundi, na maduka hayauzi pombe usiku. Hotelini kwenye hiyo mitaa, kama ulilipia kila kitu pamoja, unapewa vinywaji sita kwa siku, vitatu lunch na vitatu supper. 2024 wakaongeza faini kwa wanaolewa barabarani, kuanzia euro 500 hadi 1,500. Mwaka huo huo wenyeji waliingia barabarani kuandamana. Na 2025 kisiwa kikaweka kikomo cha magari yanayoingia wakati wa msimu.

Lakini angalia vizuri hizo sheria zinamgonga nani. Zinamgonga kijana wa Uingereza aliyekuja na ndege ya bei rahisi, analewa kwa barabara na kutapika kwa mlango wa watu. Klabu kubwa hazikuwahi kuhitaji ofa ya kuvuta watu, kwa hivyo pale ndani hakuna kilichobadilika. Ukipunguza walevi maskini na kutafuta matajiri, kelele inaweza kupungua, sawa. Bei ya ardhi nayo? Tajiri anataka villa, na villa inakula nafasi ya keja kumi. Mlevi akiondoka, mhudumu bado yuko kwa gari.

Hii si stori ya Wazungu pekee. Sisi tuna Diani, Watamu na Lamu, na hapa Nairobi unajua vile apartment za Kilimani na Kileleshwa zimegeuka Airbnb. Sherehe si mbaya, na usiku unalisha watu wengi. Ila kabla ya kushangilia hoteli mpya ikijengwa pwani, uliza yule dada atakayetandika vitanda atalala wapi, na kama atamudu hapo karibu ama ataamka saa kumi usiku kukimbiza matatu.

Ibiza walianza kuuliza wakiwa wamechelewa. Wewe unaonaje, sisi bado tuna time?