Anayemwahi Mkulima Kabla Hajajua Bei



Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa iliyopita baada ya swala mtu mmoja alinishika mkono pale nje ya msikiti. Kwa adabu, lakini kwa uchungu, akaniambia: "Maalim, wewe tuhubirie swala na kaburi. Haya mambo ya bei ya alizeti tuachie sisi wafanyabiashara." Nilicheka, tukaagana vizuri. Lakini usiku ule maneno yake hayakuniacha. Kwa hiyo leo naandika, na nitaandika kirefu. Mwenye bando dogo asome nusu leo, nusu kesho.

Jambo la kwanza, ndugu yangu, maneno yako si mapya. Watu wa Madyan walimwambia Nabii Shuaybu yayo hayo. Alipowakataza kupunja vipimo, walimuuliza kwa kejeli kama swala zake ndizo zinazomwamrisha awazuie kufanya watakavyo katika mali zao. Fungua Suratu Hud usome mwenyewe, kisha soma yaliyowapata baadaye. Na hata hapa kwetu, kijana akimaliza mlango wa Hija katika Matn ya Abu Shujaa anakutana na mlango wa biashara, kabla hajafika kwenye mirathi wala ndoa. Wanazuoni hawakuuweka pale kwa kukosa pa kuuweka.

Sasa niwaeleze kilichonifanya nianze kuisema bei juu ya mimbari.

Msikiti wetu una kipande cha shamba la wakfu, na tunalima alizeti. Miaka kadhaa nyuma tulipata magunia 22. Kabla hatujamaliza kupepeta alikuja mnunuzi kwa pikipiki, mtu tunayemfahamu, mwenye kutoa tende kila Ramadhani. Nilimuuliza mimi mwenyewe kwa mdomo wangu: "Singida mjini bei ikoje?" Akatikisa kichwa. Akasema imeporomoka, viwanda vimejaa, tushukuru tukipata hiyo anayotoa. Tukauza. Siku nne baadaye nilikwenda mjini kwa msiba, nikapita wanaponunua, nikauliza. Gunia lilikuwa juu kwa shilingi 9,000, na watu wa pale waliniambia haijashuka wiki tatu. Ukitoa gari, tuseme shilingi 3,000 kwa gunia, inabaki 6,000. Zidisha kwa 22: shilingi 132,000. Paa la upande wa akina mama lilikuwa linavuja mwaka ule, na likaendelea kuvuja.

Simtaji, na sitamtaja. Na lawama ya kwanza naibeba mimi, niliyekuwa na simu mfukoni nikashindwa kumpigia hata ndugu yangu mmoja aliyeko mjini. Lakini alichonifanyia kina jina katika dini yetu, na jina hilo lina umri wa zaidi ya miaka 1,400. Kinaitwa talaqqi r-rukban, kuwaendea wenye misafara njiani.

Zamani msafara ulitoka mbali na ngozi, nafaka, samli. Wenye mali hawajui bei ya mji. Wajanja wa mjini wanatoka kwenda kuwakuta njiani, wananunua kwa bei ya chini kabla hawajafika sokoni, wanarudi kuuza kwa bei ya mji. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza. Na katika riwaya ya Imamu Muslim imo haki ya ziada: mwenye mali akifika sokoni akakuta amepunjwa, ana hiari ya kuuvunja mauziano yale. Sisi Mashafii ndivyo tulivyosomeshwa: mauziano yanasihi, mnunuzi ana dhambi, na muuzaji ana khiyari.

Najua jibu lako. Utasema mkulima si msafara, yuko kwake, na mimi ndiye niliyesafiri kumfuata. Sawa. Lakini tuangalie sababu ya katazo. Ngamia na njia havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni mmoja kuijua bei na mwingine kutoijua, na yule anayejua kuwahi kabla mwenzake hajajua. Zamani walikimbia na ngamia, leo tunakimbia na bodaboda na simu.

Hapa niwe mwangalifu nisimdhulumu mtu. Mnunuzi akifika, mkulima anaijua bei ya mjini, wakapatana chini kidogo kwa sababu ya gari na usumbufu, hiyo ni halali tupu na ina baraka. Mnunuzi akinyamaza na mkulima asiulize, hapo wanazuoni wana maneno, na mimi si mufti. Naiacha kwa dhamiri yako. Lakini ukiulizwa bei ukasema imeshuka na wewe unajua haijashuka, huo ni uongo umeutumia kuchukua mali ya mtu. Usiniambie ni ushindani. Usiniambie ni soko huria. Wenyewe wanaosomesha elimu ya uchumi, wale wa soko huria hasa, wanasema soko hufanya kazi vizuri pale muuzaji na mnunuzi wote wawili wana habari. Nilisoma hilo kidato cha tatu, na vijana wa chuo cha ualimu hapa kwetu watawathibitishia. Kwa hiyo wewe umelivunja soko lenyewe unalolisingizia.

Na kwa nini habari ya bei ni mali kubwa hivi? Kwa sababu bei ya alizeti ya Kinampanda haizaliwi Kinampanda. Hili wengi wetu hatulijui, tunabaki kusema "wanunuzi wamekaa kikao", au mbaya zaidi, tunasema tumerogwa.

Nchi yetu haijitoshelezi kwa mafuta ya kula. Sehemu kubwa tunaagiza nje, na mengi ni ya mawese, kutoka Indonesia na Malaysia, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nne kwa tano ya mawese yote duniani. Mama anayekaanga maandazi Dar es Salaam hana mapenzi na alizeti wala mawese. Anaangalia kilicho rahisi dukani. Mawese yakishuka bei anayachukua, mwenye kiwanda cha alizeti anakwama na mzigo, anapunguza bei ya mbegu, na wewe huku juu Iramba unaambiwa imeshuka. Mawese yakipanda, mama yule anarudi kwenye alizeti, kiwanda kinatafuta mbegu kwa udi na uvumba, bei inapanda. Vitu viwili vinavyoweza kushika nafasi ya kimoja na kingine, bei zao hufuatana kama ng'ombe na ndama.

Mmeyaona haya kwa macho yenu. Februari 2022 Urusi iliingia vitani na Ukraine, na nchi hizo mbili ndizo zinaongoza duniani kwa mafuta ya alizeti. Bandari za Bahari Nyeusi zikafungwa. Mwezi wa Aprili mwaka uleule Indonesia ikazuia mawese yasitoke kwao, kisha ikayaachia mwezi wa Mei. Dunia nzima mafuta yalipaa, na mnakumbuka lita ilivyokuwa madukani. Mwezi wa Julai ukafikiwa mkataba wa kuruhusu nafaka za Ukraine zitoke tena, mambo yakaanza kutulia. Msimu uliofuata, wa 2023, wakulima wa Singida walilia bei imeanguka, na waliokuwa wamepanua mashamba kwa kuutazama mwaka uliopita ndio walioumia zaidi. Mtu wa Kinampanda hakurogwa na mtu. Alikuwa amefungwa kamba moja na mtu wa Odesa na mtu wa Jakarta.

Ongeza na serikali hapo. Mwaka 2018 ushuru wa mafuta yanayotoka nje ulipandishwa, ghafi hadi asilimia 25, yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili kumlinda mkulima wa ndani. Ushuru ukipanda mkulima anapumua na mlaji wa mjini analalamika. Ukishuka ni kinyume chake. Na bajeti inasomwa lini? Mwezi wa Juni, alizeti ikiwa juu ya turubai. Mfanyabiashara mwenye akili anaisikiliza bajeti ile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkulima siku hiyo anapura. Wallahi hapo ndipo mchezo unapokwisha kabla haujaanza.

Sasa kuna hoja mbili natupiwa sana, na ni hoja za watu waliosoma kidogo, kwa hiyo nizijibu.

Ya kwanza: Uislamu haukuweka kikomo cha faida. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kuisema. Swahaba Urwa alipewa na Mtume dinari moja amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Hiyo ni faida ya mia kwa mia, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Mimi sina ugomvi na faida. Anayeleta gari huku milimani, analipa mafuta na tairi, anabeba hatari ya bei kuanguka akiwa njiani, anafanya kazi, na kazi ina ujira. Bila yeye alizeti yetu ingeozea ndani. Abdulrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu, hakutaka sadaka, aliomba aonyeshwe soko lilipo. Lakini hakuna popote tuliposimuliwa kuwa Urwa alimdanganya mwenye mbuzi.

Ya pili: Mtume aliombwa apange bei Madina zilipopanda, akakataa, akasema mpanga bei ni Allah. Kwa hiyo shekhe anyamaze. Ndugu yangu, umeisoma nusu. Aliyekataa kupanga bei ndiye huyohuyo aliyekataza kuwaendea wenye misafara, ndiye aliyetia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta maji chini, akamkemea mwenye nalo. Aliiacha bei iwe huru, na akaisafisha njia ambayo bei inapita. Nami sijawahi kusema gunia liuzwe kwa kiasi fulani. Nimesema usidanganye.

Na lumbesa? Ile kofia mnayoishonea gunia juu, ndiyo "desturi ya soko"? Sheria ya vipimo inaikataza, na Suratul Mutaffifin imeshuka juu ya mambo hayahaya: wanaopimiwa kamili wao, wakiwapimia wengine wanapunguza. Gunia la kilo 65, kofia ikabeba kilo 15: ukiuza magunia manne umetoa kilo 60 za bure, karibu gunia zima. Nunueni kwa mizani, basi.

Wakulima msianze kuniitikia "takbir". Nyinyi mnaochanganya makapi na kokoto katikati ya gunia na mbegu nzuri mkaiweka juu, nanyi mnasomewa sura ileile. Mnunuzi aliyewahi kuchomwa na gunia la aina hiyo anashusha bei kwa kijiji kizima, na mwaminifu analipia dhambi ya jirani.

Limebaki la pesa za Februari. Njaa imebana, ada inadaiwa, anakuja mtu anakupa shilingi 30,000, ukivuna umpe gunia moja kutoka shamba lile pale. Wanaita salam, wanasema Mtume aliwakuta watu wa Madina wakifanya. Aliwakuta, na akawawekea masharti: kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Wanazuoni wakaeleza kuwa haifai kufunga kwenye mavuno ya shamba moja maalumu, maana shamba lile linaweza kukauka. Na mvua ikigoma, mnunuzi huyo anasemaje? Anasema nirudishie 30,000 yangu na 20,000 juu. Hapo jina la salam limeshavuliwa, imebaki riba inatembea mchana. Kama unataka salam ya kweli, andikianeni kilo, tarehe, mashahidi. Mavuno yakikosekana unapokea mtaji wako kama ulivyoutoa au unangoja.

Tulichokubaliana na kamati ya msikiti ni hiki. Kuanzia wiki ya kwanza ya mavuno tutatundika ubao nje, karibu na mahali pa kutilia udhu. Kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Alasiri tutaandika kwa chaki bei ya kilo ya alizeti Kiomboi na Singida mjini, bei ya mashudu, na nauli ya gunia. Mkristo akipita asome pia, bei haina dini. Nawaomba ndugu mnaonifuata hapa mlioko Singida mjini, mnaopita karibu na wanunuzi au viwandani, mnitumie bei mliyoiona wenyewe kwa macho, siyo ya kuambiwa. Nahitaji watu watatu tofauti, nisije nikaandika bei ya uongo ubaoni mimi mwenyewe.

Na yule ndugu yangu wa Ijumaa, nimemwomba awe mmoja wa hao watatu. Bado hajanijibu.