GIABOKSI IKICHAKAA, DEREVA ASIKATWE MSHAHARA



Kuna lalamiko moja ambalo haliishi katika chama chetu. Land Rover kuukuu ya kazi inakataa kuingia gia. Tajiri anauliza, "Nani alikuwa akiliendesha?" Jina la dereva linaandikwa, na mwisho wa mwezi mshahara wake umepungua. Sisi twasema jambo hili si haki.

Giaboksi ni chuma, na chuma huchakaa. Tena haifi kwa siku moja. Gari likiwa limesimama bila gia, na kelele ikanyamaza dereva anapokanyaga klachi, beringi za mbele zimekwisha. Kelele ikisikika katika gia zote lakini ikapungua katika namba nne, shafti ya chini inataka kutazamwa. Oili ikimwagwa na kuonyesha unga wa shaba, ringi za sinkromeshi zinalika. Vikitoka vipande vya chuma, ni meno ya gia au beringi. Dereva huyasikia haya miezi mingi mbele, akasema, akajibiwa, "Endelea tu, kazi ni nyingi." Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mbona ukuta ajengeshwe dereva?

Hatusemi kwamba madereva wote ni malaika. Wako wanaopumzisha mkono juu ya gia safari nzima, na wako wasiopima oili. Hao tunawaambia waache. Lakini Land Rover nyingi zilizotoka kabla ya Series III ya mwaka wa 1971 hazina sinkromeshi katika gia namba moja na mbili. Zinataka klachi ikanyagwe mara mbili. Kijana aliyejifunza kwa gari jipya akipewa gari hilo bila kufundishwa, atasaga gia. Kosa hilo ni la nani?

Sasa juu ya matengenezo. Matajiri wengine hubadili beringi moja, mengine wakayaacha. Wengine hununua giaboksi kuukuu ambayo hakuna aliyeifungua kuona ndani. Hiyo ni hasara. Katika Land Rover hizo za zamani, lazima sakafu na kikalio cha viti viondolewe, na giaboksi itolewe kwa kupitia ndani ya gari. Kazi hiyo ni ile ile, ukibadili beringi moja au zote. Kwa hiyo, kama bodi na shafti ni nzima, jengeni upya kabisa: beringi zote, ringi, bushi, springi na sili. Kama bodi imepasuka au shafti zimelika, afadhali giaboksi nzima iliyojengwa upya na yenye dhamana. Na mafundi wapewe cheni ya kuinulia. Mgongo wa fundi si jeki.

Wala si habari ya fedha peke yake. Gari lenye mzigo likishuka mteremko wa Mai Mahiu, gia namba mbili ikachomoka, limebaki breki tu. Hapo ni roho za watu.

Sheria iko. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 chasema tajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Uchakavu si kusudi. Tena makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mfanya kazi kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa.

Basi twawaomba mambo matatu. Dereva, ukisikia kelele au gia ikichomoka, iandike pamoja na tarehe, umpe msimamizi, nawe ubaki na nakala. Fundi, ukifungua giaboksi, usitupe vyuma vilivyolika. Viweke, kwa sababu ndivyo mashahidi. Na ninyi wajumbe wa chama, msikubali mwanachama akatwe hata senti moja kabla vyuma hivyo havijawekwa mezani, vikatazamwa na pande zote mbili.

Dereva na fundi wasigombane. Wakisema neno moja, tajiri atasikia.

Umoja ni nguvu.