Salio Lako ni Deni la Nani?

Neno la juma hili ni "salio". Limetokana na kitenzi "salia", yaani kubaki, nawe hukutana nalo kila unapogusisha kadi ya Tap&Go kwenye mashine ya basi, iwe Nyabugogo au Remera.

Sina ugomvi na kadi yenyewe. Tangu kampuni ya AC Group ilipoileta Kigali mwaka 2015, mabishano ya chenji mlangoni mwa basi yamepungua. Ninachokipinga ni mazoea ya kuliona salio kuwa makombo yasiyo na mwenyewe. Ukiweka faranga 2,000 ukasafiri mara moja, kilichobaki umeikopesha kampuni, bila riba wala mkataba. Wewe unakiita salio; mhasibu hukiandika upande wa madeni.

Utaniambia ni kiasi kidogo. Haya, tupige hesabu: faranga 100 zikilala katika kadi 10,000 ni faranga milioni moja. Na udogo huo mbona huhesabika upande mmoja tu? Aliyepungukiwa faranga 5 za nauli hasamehewi na mashine.

Makombo haya yana walaji wakubwa ulimwenguni. Starbucks, wauza kahawa wa Marekani, katika mwaka wa fedha 2023 waliandika kuwa mapato zaidi ya dola milioni 200, fedha zilizowekwa na wateja ambazo haikutarajiwa kwamba zingetumika. Kahawa haikunywewa, lakini faida imepatikana! Hata huko, sheria ya mwaka 2009 inakataza fedha za kadi za zawadi kuisha muda kabla ya miaka 5.

Jirani zetu Wakenya wana kipimo bora zaidi. Fedha za wateja wa M-Pesa huwekwa katika amana, mbali na mali ya Safaricom, na mwenye nazo huzitoa kwa wakala atakapo. Kilichoingia kinatoka. Kwa nini kadi yoyote ya malipo ya awali, ya basi, ya duka au ya zawadi, ipimwe kwa kipimo hafifu zaidi?

Kazi ya juma hili: muulize wakala anayekuwekea fedha kwenye kadi, kwa Kiswahili fasaha, "Salio langu huisha muda lini? Nikilitaka mkononi, nifuate utaratibu gani?" Andika majibu yake neno kwa neno, uje nayo darasani Jumatatu.